Safari Siku za Maradhi ya Kuambukiza



Mara kwa mara habari hufika katika sharika zetu kwamba ugonjwa wa kuambukiza umezuka mahali fulani. Ndipo maswali huanza. Mama mmoja ana binti aliyeolewa katika mji ule, naye yu karibu kujifungua: je, aende kumtunza? Mzee wa kanisa ameitwa mkutanoni: je, aitike? Mwenye biashara hupeleka ndizi sokoni kila juma, na watoto wake hula kwa safari hiyo: je, aiache? Ndugu amekufa mbali, na ukoo wote wajiandaa kwenda mazikoni: je, nani awazuie?

Watu hawa humjia mwinjilisti wakimwuliza, "Tusafiri au tusisafiri?" Mwalimu asiyejiandaa hujibu upesi neno moja kati ya mawili. Ama husema, "Msiogope, Mungu yupo, nendeni." Ama husema, "Kaeni nyumbani, njia ni mauti." Majibu haya mawili ni mepesi kutamka, lakini lile la kwanza limepeleka watu kaburini, na la pili limewaacha wagonjwa bila mtu wa kuwapa maji. Basi katika somo hili tutafute jibu lililo bora.

1. Hofu isiyojua, na ujasiri usio imani

Kuogopa maradhi si dhambi. Mungu ameweka hofu ndani yetu kama alivyoweka maumivu katika kidole, ili mtu auondoe mkono wake motoni. Kitabu cha Mithali, sura ya 22, chamsifu mwenye busara aonaye hatari mapema akajihifadhi, na chamlaumu mjinga apitaye mbele tu mpaka aumizwe.

Walakini hofu isiyo na maarifa haijui hatari iko wapi. Tukumbuke miaka ya 2014 hadi 2016, Ebola ilipoenea katika nchi tatu za Afrika ya Magharibi, yaani Guinea, Liberia na Sierra Leone. Waliokufa walizidi 11,300. Siku zile wageni wengi waliokuwa wamekusudia kuja Kenya na Tanzania walivunja safari zao, ingawa ugonjwa ule haukuwako kwetu. Mji wa Madrid huko Hispania uko karibu na Monrovia kuliko Nairobi ulivyo karibu nao. Lakini mtu aliyeko Ulaya alijiona salama nyumbani, akaogopa kufika Serengeti. Tena mashirika mengi ya ndege yaliacha kwenda katika nchi zile zilizopatwa. Machache, kama Royal Air Maroc na Brussels Airlines, yaliendelea, na katika ndege hizo walisafiri madaktari na wauguzi waliokwenda kusaidia. Kama wote wangalikataa safari, nani angaliwafikia wagonjwa?

Upande wa pili kuna ujasiri unaojiita imani, nao si imani. Wakristo wengi siku za maradhi huisoma Zaburi ya 91, inayotaja tauni na ulinzi wa Mungu. Wafanya vema, maana ni faraja kuu. Lakini tusisahau ni nani aliyeitumia zaburi hiyohiyo juu ya kinara cha hekalu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, mjaribu alichukua maneno yake juu ya malaika, akamwambia Bwana Yesu ajitupe chini. Bwana hakuikana ile ahadi, wala hakujitupa. Alijibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Basi mtu aingiaye katika nyumba ya mgonjwa bila kujikinga, asipokuwa na kazi humo, kisha akasema, "Zaburi yanilinda," na ajiulize ameisoma zaburi hiyo pamoja na nani.

2. Wittenberg mwaka 1527

Swali letu si jipya. Mwezi wa Agosti mwaka 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg. Johann, mtawala wa Saxony, alimwagiza Martin Luther aondoke pamoja na walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, waende Jena. Chuo kilihama. Luther hakuhama. Alibaki pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen. Nyumbani kwake alikuwa na mkewe Katharina, aliyekuwa mja mzito, na mtoto wao Hans wa mwaka mmoja. Wagonjwa waliuguzwa katika nyumba hiyo.

Wakati huo wachungaji wa mji wa Breslau, kwa mkono wa Johann Hess, walikuwa wamemwuliza kama yafaa Mkristo aikimbie tauni. Luther akaandika jibu lake, likapigwa chapa mwaka uleule. Mtu angedhani kwamba yeye aliyebaki angewahukumu wote walioondoka. Sivyo alivyofanya. Alifundisha kwamba kuuhifadhi uhai si kosa, na kwamba mtu asiye na wajibu mahali pale, ikiwa wako wengine wa kutosha kuwatunza wagonjwa, ana ruhusa ya kuondoka kama aonavyo vema. Bali walio na wajibu hawana ruhusa: mchungaji, mtawala wa mji, daktari, mzazi mwenye watoto, mtumishi na bwana wake, na jirani ambaye mgonjwa hana mwingine ila yeye.

Tena alifundisha neno ambalo wengi husahau. Alisema dawa zitumiwe, nyumba zisafishwe, na mtu asiende mahali wala kwa watu wasiomhitaji, asije akawa sababu ya kifo cha wengine. Lakini jirani akimhitaji, aende bila kusitasita. Na mtu aliyejua kuwa ana tauni, akaificha na kuchangamana na watu, Luther alimhesabu kuwa kama mwuaji.

Luther hakujua tauni yatoka wapi. Kijidudu chake hakikujulikana mpaka mwaka 1894, Alexandre Yersin alipokiona huko Hong Kong. Na baadaye tu ndipo ilipojulikana kwamba viroboto wa panya hukichukua. Hata hivyo, Luther aliona jambo kuu: kwanza tuulize, "Nani ananihitaji kule?" na pamoja na hilo tuulize, "Nachukua nini mwilini mwangu?"

3. Bandari isiyofungwa

Twadhani mara nyingi kwamba karantini maana yake ni kufunga njia. Asili yake ni kinyume. Katika pwani ya bahari ya Adriatic kuna mji uitwao siku hizi Dubrovnik. Zamani uliitwa Ragusa. Watu wake waliishi kwa biashara ya meli. Tauni ilipozidi, waliona kwamba wakifunga bandari watakufa kwa njaa, na wakiiacha wazi watakufa kwa tauni. Basi mwaka 1377 baraza la mji liliamuru kwamba atokaye mahali penye tauni asiingie mjini kabla hajakaa mwezi mmoja mahali palipotengwa. Akiisha kukaa naye ni mzima, aingie, auze na kununua. Baadaye katika miji mingine siku ziliongezwa zikawa arobaini, na kutoka katika hesabu hiyo kwa lugha ya Kiitaliano ndipo likaja neno karantini.

Hata kwetu pwani, karibu na mji wa Unguja, kuna kisiwa cha Changuu. Majengo yake yaliyojengwa katika miaka ya 1890 yalikusudiwa kuwa gereza, lakini yalitumiwa kuwa mahali pa karantini kwa watu waliofika kwa meli.

Na tangu kale, katika kitabu cha Walawi, sura ya 13, Mungu alimwamuru kuhani amtenge mtu mwenye alama katika ngozi yake siku saba, kisha amtazame tena. Hakusema atupwe milele. Alisema atengwe, angojewe, atazamwe. Na akionekana safi, arudi kwa watu wake. Basi kungoja kwa kipimo ni mlango wa safari, wala si ukuta wake.

4. Gari la abiria lililofika Goma

Sasa tuje karibu nasi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka mashariki ya Kongo, katika Kivu ya Kaskazini. Ilienea pia Ituri. Ilidumu hata tarehe 25 Juni 2020. Waliopatwa walihesabiwa 3,470, na waliokufa 2,287. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Wengi wa watu wa nchi ile husema Kiswahili kama sisi, nao ni wasafiri: huenda sokoni, mashambani, migodini, na kuvuka mipaka ya Uganda na Rwanda kuwaona jamaa zao.

Mwezi wa Julai mwaka 2019 mchungaji mmoja aliyekuwa amehubiri na kuwawekea wagonjwa mikono huko Butembo alipanda gari la abiria kwenda Goma, mji wa watu zaidi ya milioni moja ulio mpakani mwa Rwanda. Alikuwa tayari mgonjwa. Njiani palikuwa na vituo vitatu vya kuwapima wasafiri. Wakuu wa afya walisema kwamba katika vituo hivyo aliandikisha majina mbalimbali, ikaonekana kana kwamba hakutaka kujulikana. Alipofika Goma tarehe 14 alikwenda mahali pa matibabu, akapimwa, ikaonekana ni Ebola. Alirudishwa Butembo ili atibiwe, lakini alifariki. Dereva na wasafiri wenzake wakatafutwa wapewe chanjo. Tarehe 17 mwezi uleule Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekuwa hatari inayohusu mataifa yote.

Tusimhukumu marehemu huyo. Hatujui moyo wake, na yawezekana aliogopa kama wengi walivyoogopa vituo vya matibabu. Lakini tujifunze. Watu waliokuwa garini walitiwa hatarini kwa sababu ugonjwa ulifichwa. Kama angalisema kweli katika kituo cha kwanza, angalitibiwa mapema zaidi, na wenzake wangaliendelea na safari yao kwa amani.

Wengine walitaka mipaka ifungwe kabisa. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka wa Goma ulifungwa kwa saa kadhaa, kisha ukafunguliwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mipaka isifungwe, nalo lilieleza sababu yake. Mwenye shida akikuta njia kuu imefungwa, hapotezi shida yake; hupita njia ya panya. Na katika njia ya panya hapana maji ya kunawa, hapana kipima joto, hapana mtu wa kuuliza. Mwezi wa Juni mwaka uleule jamaa waliotoka kumwuguza na kumzika babu yao huko Kongo walivuka kuingia Uganda kwa njia ya miguu isiyo na kituo, na mtoto mdogo wa jamaa hiyo akafa kwa Ebola. Kwa hiyo ni heri njia kuu iliyo wazi, yenye watu wa kupima, kuliko njia kumi zilizofichwa.

5. Kila ugonjwa una njia yake

Msafiri hujua njia ya gari. Na ajue pia njia ya ugonjwa. Maana magonjwa hayasafiri kwa namna moja.

Ebola, na ndugu yake Marburg, huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, au mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo. Aliyeambukizwa huanza kuugua kati ya siku 2 na 21, na kabla hajaanza kuugua hawaambukizi wengine. Kwa hiyo aliyemgusa mgonjwa hutazamwa siku 21. Marburg ilipozuka katika mkoa wa Kagera mwezi Machi mwaka 2023, watu 9 walihesabiwa kuwa wamepatwa, na 6 walikufa. Tarehe 2 Juni ilitangazwa kuwa imekwisha, baada ya kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya zile 21.

Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa. Msafiri anywe maji yaliyochemshwa, anawe mikono kwa sabuni, atumie choo. Korona hupita kwa pumzi, na mtu aweza kuwaambukiza wengine kabla hajajiona mgonjwa; huko yafaa kufunika pua na kinywa, kufungua madirisha ya gari, na kuepuka msongamano. Aliyejua haya hataogopa kumsalimu kwa sauti mtu atokaye katika mji wenye Ebola, wala hatajiona salama kwa kunawa mikono tu mahali penye korona.

6. Maswali manne ya msafiri

Basi mwinjilisti akiulizwa, asijibu upesi, bali aketi na mwenye kuuliza, wayapime mambo manne.

La kwanza: nani ananihitaji kule? Mama anayengojewa na binti yake hana safari moja na mtu aendaye kutazama sherehe. Kama safari yaweza kungoja, ingoje. Kama msaada waweza kutumwa kwa simu, kwa fedha au kwa mtu aliye karibu, utumwe hivyo.

La pili: mwili wangu u hali gani? Mwenye homa asipande gari la watu, ila aende kupimwa. Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola au Marburg asisafiri mpaka siku zake 21 zitimie, hata kama ajiona mzima, hata kama ni mchungaji mwenye ibada ya kuongoza Jumapili.

La tatu: nimejua njia ya ugonjwa, na amri ya serikali? Wakuu wa afya wakisema mji fulani usiingiwe, tutii. Hasa katika mazishi: yule aliyekufa kwa Ebola hazikwi kwa kuoshwa na kushikwa na jamaa, bali huzikwa na watu waliofundishwa na kuvaa mavazi ya kujikinga. Jamaa wasimame mbali kidogo, waombe na kuimba. Kutouosha mwili si kumdharau marehemu. Aliyewapenda hangetaka wamfuate kaburini kwa ajili ya mazishi yake.

La nne: naweza kusema kweli njiani? Nikiulizwa jina langu, nitokako, na niliyemtembelea, nitajibu sawasawa? Ikiwa safari haiwezi kufanyika ila kwa uongo, safari hiyo imekwisha kujibiwa.

Mtu akiyapima haya manne, akaona anahitajiwa, yu mzima, anajua kujikinga, tena anaweza kusema kweli, na aende. Asiendelee kutetemeka, wala tusimwite mpumbavu. Epafrodito, tusomavyo katika Wafilipi, sura ya 2, alisafiri ili kumhudumia Paulo, akaugua karibu na kufa. Na Paulo aliwaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna hiyo.

7. Neno kwa wale wanaobaki

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi tusiosafiri. Kwa nini mtu afiche jina lake kituoni? Mara nyingi ni kwa sababu ajua jinsi tutakavyomtendea likijulikana. Muuguzi arudipo kutoka mahali pa ugonjwa, wapangaji wenzake humkimbia. Aliyepona huambiwa asichote maji kisimani. Watoto wake hunyoshewa kidole shuleni. Tukifanya hivyo, twawafundisha watu kusema uongo, kisha twashangaa ugonjwa ukienea.

Usharika unaotaka kweli na uandae mahali ambapo kweli yaweza kusemwa. Mtu akirudi na kusema, "Nilikuwa kwa mgonjwa, yanipasa kukaa peke yangu siku 21," asiachwe na njaa. Wazee wa kanisa wampangie watu wa kumletea chakula na kuni na kuviweka mlangoni. Wampigie simu kila siku. Wamwombee kwa jina ibadani. Siku ya 22, akiwa mzima, mchungaji awe wa kwanza kumpa mkono mbele ya watu wote.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Luther alibaki Wittenberg, lakini hakuwahukumu wote walioondoka. Ni kwa sababu gani?
2. Someni Mathayo 4, mstari wa 5 hata wa 7. Imani na kumjaribu Mungu hutofautianaje katika safari siku za ugonjwa?
3. Kuna tofauti gani kati ya kufunga njia na kumwambia msafiri angoje?
4. Katika usharika wetu, mtu aliyetoka mahali penye ugonjwa akisema kweli, atapokelewaje? Ni nani atakayempelekea chakula?